Kibali cha Meza ya Vitenge

Concilie alijilaumu yeye kwanza, kisha akawalaumu wengine, na hakumwonea hata mmoja.

Mwaka 2008 karani wa jiji aliuliza, "Kibali cha meza ya kuuzia mtaani kiandikwe jina la nani?" Aliyepanga foleni tangu alfajiri ni Concilie. Aliyeijua biashara ya vitenge ni Concilie. Lakini kwao Kayanza, Burundi, alifundishwa kwamba mke mwenye adabu hajitangulizi mbele ya mumewe, basi akamwonyesha Cyriaque, aliyekuwa ameegemea ukuta akipangusa viatu. Karani akaandika Cyriaque. Adabu gani hiyo! Ujinga mtupu.

Miaka mitano aliuza mtaani pale Fordsburg, ugenini kusini mwa Afrika, jua lake, mvua yake. Mzigo alikuwa akiletewa na Afi, mwanamke wa Togo aliyejifunza Kiswahili kwa Wakongo wa mtaa wa Berea. Kwao Lomé wanawake wa vitenge hupeana mzigo kwa kuaminiana, na dhamana ya mtu ni jina lake sokoni. Kila akirudi safari, Afi alifoka.

"Dada, wakubwa wamekaa hotelini na wafadhili wao, wameandika sera ya biashara na haki za wanawake. Sisi tunaouza walituitia nini? Kucheza ngoma mlangoni! Tena na vitenge vyetu wenyewe!"

Concilie alicheka mpaka machozi. Hakujua kwamba anajicheka.

Mwaka 2013 meza ziliondolewa mitaani, wenye vibali wakaambiwa waje waandikwe upya. Cyriaque wakati huo alikuwa Cape Town kwa mwanamke mwingine. Kibali alimtumia nani? Mdogo wake Alexis, pamoja na barua ya kumhamishia jina. Alexis ambaye hajawahi kukunja hata kitenge kimoja!

"Mali ya ukoo haiendi kwa mwanamke," Cyriaque alimwambia mkewe kwenye simu, kana kwamba Fordsburg ni shamba la babu yake.

Concilie alikwenda na majirani sita wa kumshuhudia. Karani hakuinua hata uso. Nafasi akapewa Alexis, naye akaenda Berea kwa Afi kuchukua mzigo. Afi akamtazama juu mpaka chini.

"Wewe nani?"

"Mwenye meza."

"Basi uza meza."

Wauzaji wengine wa jumla nao walimkatalia, maana Afi alikwisha kuwapitia mmoja mmoja. Wiki tatu Alexis alikaa nyuma ya mbao tupu, wateja wakimuuliza Mama Kelly yuko wapi, kwani ndivyo walivyomwita Concilie, kwa jina la bintiye. Ya nne akabisha hodi kwake Troyeville, mpole kama maji ya mtungi.

"Mama Kelly, turudi kazini. Wewe utauza, mimi nitasimamia. Sisi si ndugu?"

Hasira zilimpanda Concilie. Asimamiwe! Tena na huyu! Alichukua mtandio wake.

"Twende kwa karani."

"Kufanya nini, shemeji?"

"Kunirudishia meza yangu. Ukishamaliza, kama unataka kazi, nitakufundisha kukunja vitenge."

"Eish!" Alexis alihema. Alifikiria zile mbao tupu, akamfuata.

Karani alikuwa yuleyule, na swali lilelile. "Kibali kiandikwe jina la nani?"

Alexis akafungua kinywa.

"Nyamaza," Concilie alimwambia, kisha akalitaja jina lake lote, kwa sauti iliyosikika mpaka mwisho wa foleni.