Vidonge Alivyogawa Mama

Spiriti. Nikiinusa tu, hata leo katika kliniki safi yenye vigae sakafuni, mwili hunisisimka, nami humwona mama akipanda mlima wa kwetu kule upande wa Kebirigo, akichechemea, mkono mmoja kiunoni.

Alikuwa na kifua kikuu. Kila asubuhi, kwa miezi miwili, alitembea hadi zahanati kudungwa sindano. Daktari alikuwa mtu wa mbali, hakujua Kikisii, na mama hakujua Kiswahili. Kwa hiyo kila siku ya kuonana naye, mimi niliyekuwa darasa la nne nilikosa shule ili niwe mkalimani. Nilijivuna kweli kweli, msinicheke. Sindano za siku hizo zilikuwa za kioo, zikichemshwa katika sufuria juu ya stovu, na sisi tulioketi kwenye benchi tulizisikia zikigongana ndani ya maji hata kabla ya jina kuitwa.

Kwetu sindano ndiyo iliyokuwa dawa. Dawa ya maji, ile chungu uliyomiminiwa katika chupa uliyoibeba mwenyewe kutoka nyumbani, ilikuwa ya watoto. Vidonge vilikuwa vya kuumwa kichwa. Nyanya, ambaye hakuwa na ugonjwa wowote, siku moja alikuja kutusindikiza tu, akajipanga foleni na kumgeuzia daktari kiuno. “Mwambie na mimi anidunge,” aliniagiza. “Nimetembea mbali.” Alipewa vidonge viwili vya maumivu, akanuna hadi nyumbani.

Siku sindano za mama zilipokwisha, daktari alimkabidhi mfuko wa vidonge, akanigeukia na kusema polepole:

“Mwambie mama ameze kila siku, mwaka mzima, hata akijisikia amepona. Na hivi ni vyake peke yake. Asimpe mtu mwingine hata kimoja.”

Nilitafsiri la kila siku. Nilitafsiri la mwaka mzima, mama akaguna. La mwisho likanikwama. Juma lile lile alikuwa amenichapa kwa kujificha nyuma ya ghala na kula parachichi peke yangu. Alisema mtoto mchoyo hata kuku wa nyumbani humkimbia. Sasa mimi nimwambie yeye, mbele ya benchi zima, kwamba asigawe? Kwa Kikisii niliona yatakuwa matusi kwa mzazi.

“Amesema hayo tu?” mama aliuliza.

“Hayo tu.”

Nyumba iliyotazamana na yetu ilikuwa ya mke wa baba mdogo, ambaye tulimwita Mama Mdogo. Moto ukizimika kwao, walikuja kuuchukua kwetu. Chumvi ikituishia, tulikwenda kwao. Mvua zilipoanza, Mama Mdogo naye akaanza kukohoa. Aliogopa kwenda zahanati, kwani aliyejulikana kuwa na ugonjwa ule alitengewa kikombe chake. Mama hakujiuliza mara mbili. Aliviweka vidonge vyake vya siku juu ya jiwe la kusagia, akavikata kwa kisu: nusu yake, nusu ya mwenzake. Ili asikataliwe, alimwambia kwamba daktari amewapa wote wawili.

Mimi ndiye niliyezipeleka nusu hizo kila jioni, nimezifunga katika kipande cha jani la mgomba. Shuleni tulikuwa tumefundishwa kwamba kizuri kula na nduguyo, na niliona fahari kwamba nyumbani kwetu jambo hilo halikuwa la kukariri tu.

Kwa muda walipata nafuu, wakarudi kuchuma chai pamoja. Kisha kikohozi cha mama kikarudi, na safari hii kikaja na damu. Alidungwa tena sindano zile zile. Hazikumfaa kitu. Tulimzika wakati mahindi yanapaliliwa, na nililia hadi sauti ikakauka.

Baada ya mazishi tuliitwa ukoo mzima kupimwa. Mama Mdogo alilazwa miezi mingi, akatibiwa kwa dawa nyingine, akapona, akanilea mimi na wadogo zangu wawili kama watoto wa tumbo lake.

Nilikuwa mwalimu tayari, nimempeleka mwanafunzi kliniki, niliposikia muuguzi akimweleza kwamba dawa ikimezwa nusu ugonjwa haufi, bali huizoea. Nilitoka nje, nikakaa kwenye nyasi, nikalia mbele za watu. Nimejiambia mara nyingi kwamba mama angegawa hata kama ningemwambia. Ndivyo alivyokuwa. Lakini alikuwa na watoto watatu, na pengine angetutazama kwanza kabla ya kushika kisu. Uamuzi ule ulikuwa wake, nami nilimnyima.

Mwaka jana nilikwenda kumwona Mama Mdogo, ambaye sasa haoni vizuri. Nilikuwa nimeazimia kumweleza yote. Nikakaa kando ya kitanda chake, nikasafisha koo. Kabla sijaanza, alinipapasa mkono, akawaambia wajukuu waliokuwapo:

“Huyu mnayemwona ndiye aliyeniletea dawa jioni kwa jioni. Bila yeye ningekufa.”

Wajukuu wakanitazama kwa heshima.

“Ndiyo, Mama,” nikaitikia.