Paa la Gari la Kaka Yangu

Gari la kaka yangu lilikaa chini ya kibanda cha nyasi, nyuma ya nyumba yetu ya mtaa wa Cheyo, mjini Tabora, tangu siku aliyokwenda vitani. Lilikuwa gari la zamani hata wakati huo, lenye paa la turubai linalokunjwa na kulazwa nyuma. Mzungu mmoja mpima ardhi, ambaye kaka alikuwa dereva wake, alimwachia alipokuwa anarudi kwao. Alisema halitafika tena popote. Kaka akalifufua kwa vyuma vya kuokoteza, na siku ya kwanza alipolipitisha sokoni watu waliacha kununua wakabaki kutazama.

Mayo, ndivyo tulivyomwita mama, hakuruhusu mtu aliguse. Kila asubuhi baada ya sala alilifuta vumbi kwa kanga kuukuu. Mvua zikinyesha aliweka masufuria juu ya viti, maana paa lilikuwa limeanza kuoza. Vita vilikwisha, wenzake kaka wakashuka stesheni na makoti yao marefu, na mayo akaendelea kufuta vumbi. Hakutaka matanga. Hakutaka misa ya marehemu. Padri alipomgusia jambo hilo alimjibu, "Barua ilisema amepotea, padri. Haikusema amekufa."

Barua hiyo niliisoma mimi, na hapa inanibidi niseme jambo ambalo kwa miaka mingi sikumwambia mtu.

Siku jumbe alipokuja na askari kuchukua vijana, jina lililosomwa uani kwetu lilikuwa langu. Nilikuwa nyuma ya mlango. Kupitia ufa niliona vumbi jekundu kwenye miguu ya askari. Jumbe alikuwa mgeni mtaani, hakutujua kwa sura. Kaka alitoka chini ya gari, anafuta oili mikononi, akasema, "Ndimi." Nami sikutoka. Ningeweza kutoka, palikuwa na hatua nne tu. Akaondoka kwa jina langu, akapanda treni kwa jina langu, na barua ilipofika kutoka serikalini ilisema mimi ndiye niliyepotea huko Burma. Mayo hakujua kusoma. Akaketi mbele yangu, mikono magotini. Nikasoma kwa sauti, na nilipofika penye jina nikasoma la kaka.

Tangu hapo nilikuwa mtu aliye hai na aliyepotea kwa wakati mmoja. Kule karakana ya reli, nilikokuwa nashona viti vya mabehewa, hakuna aliyelinganisha karatasi. Lakini mtu akiniita kwa jina langu kutoka nyuma nilikawia kuitika. Nilihisi kwamba anayeitwa si mimi, na kwamba atakuja.

Mwaka wa tatu au wa nne baada ya vita, habari zilikuja kwamba mama mdogo, ndugu yake mayo aliyeolewa Kigwa, amevimba miguu na hawezi tena kusafiri. Mayo akataka kwenda kumwona. Nikamwambia treni inasimama pale pale Kigwa, nitamkatia tiketi.

"Treni sipandi," akasema. "Treni ndiyo iliyomchukua. Utanipeleka kwa gari."

"Injini naweza kuiwasha, mayo. Lakini paa limeoza. Jua litatuua."

"Basi lishone," akasema. "Wewe si fundi?"

Nilichukua likizo ya juma moja. Kazi ya kuvika gari paa jipya sikuwa nimeifanya, ila nilijua viti, na nilijua kwamba turubai halisemi uongo: ukikata vibaya linakuonyesha. Nilinunua turubai zito la rangi ya majani makavu katika duka la Mhindi, uzi wa katani, na misumari midogo yenye vichwa bapa. Nta tulikuwa nayo, Unyamwezi nani anakosa nta ya nyuki? Niliiyeyusha kwenye kopo, nikapitisha uzi wote humo ili mvua isipate tundu la kuingilia.

Kabla ya kukata jipya ni lazima uvue la zamani, na ulivue zima, kwa sababu ndilo kipimo chako. Nilianza nyuma, nikang'oa misumari mmoja mmoja kwa ncha ya patasi na koleo. Misumari ilikuwa imepata kutu, inatoka na mlio kama panya. Paa lile lilikuwa limeshikwa na mbavu nne za mbao zilizopindwa. Juu ya kiti cha dereva, kitambaa cha ndani kilikuwa na doa jeusi la mviringo. Kaka alikuwa mrefu. Kichwa chake kiligusa paa kila barabara ilipomrusha, na mafuta ya nywele zake yalikuwa bado pale. Nililinusa. Sijui kwa nini nililinusa. Ilikuwa harufu ya vumbi na tumbaku, kisha, chini yake, yeye.

Niliposhusha turubai lote nililitandaza chini uani, mgongo juu, ili nichore mipaka yake kwa chaki juu ya turubai jipya. Lilikuwa limeshika umbo. Mabega yake yalikuwa yamejikunja kidogo, sehemu ya nyuma imekaza kama mtu aliyelala kifudifudi. Nilikuwa nimepiga magoti nikitafuta chaki pale mayo alipotoka jikoni. Alisimama. Akashika mdomo.

"Usimlaze chini hivyo," akasema.

Hakusema usililaze. Alisema usimlaze. Nikaleta mkeka. Tulilinyanyua pamoja, yeye upande wa mbele, mimi nyuma, tukaliweka juu ya mkeka, na mayo akaketi pembeni yake akanyoosha miguu, mgongo ukutani. Nikadhani anapumzika. Nikachora, nikapima kwa vidole nafasi ya mshono, nikaanza kukata. Jua likapanda, mayo bado ameketi. Jirani yetu, mama mmoja mjane, akapita kuomba moto.

"Hodi. Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Akamtazama mayo, akatazama mkeka, akanitazama mimi na mkasi wangu. Alivua kandambili, akaketi. Baada ya muda akaja mwingine, kisha wawili waliokuwa wanatoka kisimani wakatua ndoo zao. Wanawake wa mtaa ule walikuwa wanasubiri siku hiyo kwa miaka, naona sasa. Walikuwa wanakuja kuomba chumvi na moto na ungo, kumbe wanachungulia kama matanga yamefika. Hakuna aliyesema neno la msiba. Waliketi tu kulizunguka turubai bovu, wamejifunga kanga viunoni, mpaka yule mjane akaanza kulia polepole, na mayo naye, ambaye nilikuwa sijawahi kumwona akimlilia mwanawe, akalaza kiganja juu ya lile doa na akalia kama mtu anayetapika.

Nilisimama na mkasi mkononi. Waliolia walimlilia mtu mwenye jina la kaka, na mimi ndiye niliyewapa jina hilo.

Alasiri akaja katekista, amesikia kilio. Mayo alishapangusa uso.

"Mama, pole sana. Nimpelekee padri habari?"

"Mpelekee."

"Lakini mama," katekista akasema, kwa upole, "kanisa haliziki turubai."

"Sijaomba kanisa," mayo akasema. "Nimeomba jembe."

Jembe nililileta mimi, na shimo nililichimba mimi, kando ya shamba la mihogo. Udongo wa Tabora wakati wa kiangazi ni mgumu kama matofali, na nilichimba mpaka viganja vikachubuka. Turubai likakunjwa mara mbili, likaingia. Mayo akamwaga konzi tatu za udongo, wanawake wakafuata, nami nikafukia. Misa ilisomwa siku ya tatu yake, kwa jina nililolisoma kwenye barua.

Kisha nikarudi kwenye ile kazi ya paa, maana gari lilikuwa uchi. Nilishona vipande kwa cherehani ya mguu, nikavika kitambaa cha ndani, nikavuta turubai juu ya mbavu. Kazi hii huanzwa katikati: unapiga msumari mmoja mbele, mmoja nyuma, unavuta, unasogea pembeni kidogo kidogo kulia na kushoto, la sivyo linakwenda upande. Mara ya kwanza lilikwenda upande. Niling'oa yote nikaanza upya. Mara ya pili nililimwagia maji, nikaliacha juani likazane, na lilipokauka nililipiga kwa kidole likalia kama ngoma. Fundi yeyote angelikubali.

Tuliondoka asubuhi. Barabara ya Kigwa inafuata ile njia ya zamani ya misafara. Babu yake mayo alikuwa mpagazi, alibeba pembe mpaka pwani na kurudi, na mayo alikuwa akituhadithia tulipokuwa wadogo kwamba katika misitu ile ya miyombo wapagazi walioshindwa waliachwa pale walipoanguka, mzigo ukagawiwa wenzao, na hakuna aliyerudi kuwatafuta. Ni watu wangapi wamelala kando ya njia ile bila mtu kujua, Mungu anajua.

Tulipoingia msituni nikasikia kugonga. Mara tatu, juu ya kichwa changu, kwenye paa. Kisha kimya. Kisha mara tatu tena.

Nilisimamisha gari. Nikazunguka, nikakagua kila msumari, nikabonyeza kila ubavu. Turubai lilikuwa limekaza. Hakuna tawi lililotugusa, hakuna kamba iliyolegea.

"Unatafuta nini?" mayo akauliza kutoka ndani.

"Kuna kitu kinagonga."

"Mimi sisikii kitu."

Tukaenda tena, na kikagonga tena. Mayo alikuwa amefumba macho, uso wake umetulia kama ambavyo sikuwa nimeuona kwa miaka. Jasho likanitoka mikononi, usukani ukateleza. Nikasimamisha gari mara ya pili, na safari hii sikushuka.

"Mayo," nikasema. "Ile barua sikuisoma sawasawa. Jina lililoandikwa si la kaka. Ni langu. Siku ile jumbe aliniita mimi, nikajificha."

Hakufumbua macho.

"Najua," akasema. "Alikuja shambani kuniaga. Askari walimpa ruhusa, mmoja akaja naye. Akanieleza."

"Ukanyamaza miaka yote hii?"

"Wewe ulinyamaza. Nami nikanyamaza."

"Alisema nini?"

Mayo alifumbua macho akatazama barabara. "Nilimwambia arudi akakutoe nyuma ya mlango. Nilimwambia hivyo, mwanangu, sitakuficha. Akakataa. Akasema kati yenu wawili, yeye ndiye anayejua njia ya kurudi."

Sikuweza kuendesha kwa muda. Yeye hakunihimiza wala hakunigusa. Baadaye akasema tu kwamba jua linapanda, na mdogo wake anasubiri, nami nikawasha injini. Kugonga hakukuisha. Kulitufuata mpaka msitu ulipoachia mashamba, na kwa miaka yote niliyokaa na gari lile nilikisikia kitu hicho katika barabara hiyo, nikiwa peke yangu au na watu, na sijapata mtu mwingine aliyekisikia.

Mama mdogo alikuwa ameketi mlangoni, miguu yake iliyovimba juu ya kigoda, anachambua karanga kwenye ungo. Aliliona gari akaanza kucheka na kupiga vigelegele, kwa sababu alilijua, na alimjua dereva wake. Akanyoosha shingo kutazama nani anashuka upande wa usukani.

Mayo alishuka kwanza. Alitembea hadi kwake, akapiga magoti, akamshika mikono yote miwili.

"Mdogo wangu," akasema, "mwanao alikufa. Tumeshamzika."

Ungo ukaanguka, karanga zikatawanyika mpaka kwenye magurudumu. Nilibaki ndani ya gari, chini ya paa langu jipya, nikisubiri waniite.