Salamu za Rockford

Januari Mashauri alizaliwa mwezi wa Machi. Kwa nini wazazi wake walimwita Januari, hilo waulizwe wao huko Kiomboi. Mimi nilipomwuliza mwenyewe alinijibu kwamba mambo ya kwao Iramba hayaendi kwa haraka. Ndivyo alivyokuwa: hukumkuta amekosa jibu hata siku moja, na majibu hayo ndiyo yaliyomponza.

Nilimfahamu Stockholm mwaka 1970. Mimi nilikuwa nasomea uuguzi, yeye alikuwa amekuja kujifunza ufundi kwenye kiwanda cha malori cha Södertälje, mji wa jirani. Alikuwa mtu mwema, mcheshi, mwenye kofia ya manyoya ambayo aliivaa mpaka mwezi wa tano, watu wengine wakiwa wameanza kuota jua. Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja, na ugonjwa wenyewe uliitwa Rockford.

Rockford ni mji wa Amerika, jimbo la Illinois, si mkubwa wala si mdogo. Januari hakuwahi kuukanyaga. Ila huko Kiomboi, shule ya misheni, mwalimu wake wa jiografia alikuwa mzee wa Kimarekani aliyezaliwa Rockford, akauacha miaka ya ishirini akiwa kijana, na tangu hapo akawa anaulilia. Mzee huyo aliifundisha dunia nzima kwa kutumia Rockford. Somo la mito lilikuwa Mto Rock, unaoukata mji katikati. Somo la historia lilikuwa magari ya farasi kutoka Chicago, yaliyovuka mto pale penye mawe na maji machache, ndipo mji ukapata jina lake. Viwanda vilikuwa vya samani na soksi, na usafiri ulikuwa tramu. Watoto ambao hawajaiona hata Dodoma walikuwa wanajua Mtaa wa Saba wa Rockford, walikojazana Waswidi na makanisa yao. Mtihani ulipokuja uliuliza habari za Tanganyika, wakafeli karibu wote.

Sasa, Januari alikwenda kutafuta chumba mtaa wa Hornsgatan, Stockholm, kwa mama mmoja mjane aliyeitwa Hjördis. Yule mama alimkaribisha sebuleni, akamwekea kahawa, na Januari, kwa kuwa ni mtoto mwenye adabu, akaisifu picha iliyokuwa juu ya redio.

"Huyo ni kaka yangu Gunnar," Hjördis alisema. "Yuko Amerika. Mji wenyewe huwezi kuujua. Rockford."

Januari nusura amwage kahawa. Akamtajia mto, mawe, soksi, tramu, Mtaa wa Saba. Yule mama akashika kifua.

"Umekaa huko?"

Hapo mtu mwenye akili angesema hapana. Januari akasema, "Sana."

"Basi Gunnar unamjua! Mrefu, mwenye macho ya bluu."

"Mrefu, mwenye macho ya bluu," Januari akakubali, "anakusalimu sana."

Nataka mnielewe hapa, maana Waswidi niliowaeleza baadaye walinitazama kama nimesema kuku anaota meno. Kwetu huwezi kutoka mahali ukafika mahali mikono mitupu, bila salamu. Mtu akikuuliza habari za ndugu yake, unamwambia hajambo, anakusalimu. Hata kama hukumwona, hata kama mlipishana naye sokoni na hakufungua mdomo. Salamu ni kama maji ya kunawa. Mgeni hupewa kwanza, mengine baadaye. Januari hakuona kwamba amedanganya. Aliona amenawisha mtu mikono.

Ila yeye hakujua kwamba Hjördis na Gunnar walikuwa hawasemeshani. Mama yao alipofariki Gunnar hakuja mazikoni, na Hjördis akaapa kwamba hatamwandikia mpaka aanze yeye. Waswidi hawagombani kwa kelele. Wananyamaza, na wakishaanza kunyamaza hawana breki. Miaka minane ilikuwa imepita hivyo. Sasa anatokea kijana na kofia ya manyoya anasema Gunnar anakusalimu sana. Hjördis alilia, akampa chumba, na jioni hiyohiyo akapiga simu Amerika kumshukuru kaka yake kwa salamu. Gunnar akajibu neno moja tu, "Ja," yaani ndiyo. Kuanzia hapo wakawa wanapigiana kila Krismasi.

Mngetarajia Januari aachie hapo. Wapi! Hjördis alikwishawatangazia majirani, na nusu ya Waswidi wana jamaa Rockford. Ikawa kila Alhamisi, baada ya supu ya njegere na chapati za maji, wazee wa jengo zima wanakuja kumsikiliza Januari akiwasimulia Rockford. Na kila mmoja anamuuliza habari za mtu wake. Unamjua Karl Petersson? Mrefu? Ndiyo. Anakusalimu. Unamjua Elsa? Anakusalimu, anasema mafua yamepungua. Aliwasalimia kwa niaba ya watu ambao, nilikuja kuambiwa, baadhi yao walikuwa marehemu tangu vita. Mjane mmoja alisema shemeji yake alikufa zamani sana. Januari akavua kofia akasema, "Ndiyo maana alikuwa mnyonge kidogo."

Nilimkemea. Sisi Wahaya hatudanganyi, tunaongeza tu, na hata mimi niliona huyu amepita kiasi.

"Dada Leokadia," aliniambia, "sasa nitaanzia wapi kukana?"

Siku za mwizi ni arobaini. Za Januari zilikwisha mwaka 1974, Gunnar alipopiga simu kwamba anakuja Midsommar, ile sikukuu yao ya jua la kiangazi. Januari alinifuata hospitalini akiwa hana rangi, na kwa mtu mweusi kama yeye hiyo ni kazi.

"Uje siku hiyo," alisema. "Useme na wewe ulikuwa Rockford. Tukiwa wawili ataona haya kubisha."

"Mimi ni mtu wa Kamachumu, kwa Wahaya, ndugu yangu. Sihamishwi Amerika kwa ajili ya keki."

"Dada, sihofii chumba." Akakaa chini kwenye benchi la wagonjwa. "Yule mama ananishonea vifungo. Akijua kaka yake hakumsalimu, atakuwa amempoteza mara ya pili, na safari hii nitakuwa nimemuua mimi."

Basi nikaenda. Sikwenda kudanganya, nilikwenda ili nimsaidie kubeba masanduku yake.

Hjördis alikuwa ameandaa samaki wa siki na viazi vipya, kisha kahawa na biskuti za aina saba, maana mama wa Kiswidi akiweka sita anasemwa. Gunnar alikuwa mzee mrefu kweli, macho ya bluu kweli, mkimya kama kabati. Alimpa Januari mkono akamtazama muda mrefu. Januari akachukua biskuti tatu kwa mpigo akazijaza mdomoni ili asiweze kuulizwa.

"Januari," Hjördis akasema kwa furaha, "mwambie Gunnar ulivyokuwa ukipanda tramu kwenda kanisani."

Nilimpiga teke chini ya meza. Akameza, akasimulia. Alieleza kengele ya tramu, utelezi wa reli wakati wa theluji, kondakta mwenye masharubu. Alisimulia vizuri mpaka mimi mwenyewe nikaanza kumkumbuka yule kondakta.

Gunnar akaweka kikombe chini. "Tramu ziliondolewa mwaka 1936," alisema. "Wewe una umri gani?"

"Thelathini," Januari akajibu, kisha akajaribu, Mungu amsamehe, "lakini kwetu hatuhesabu kama nyinyi."

Hakucheka mtu. Januari akavua ile kofia, maana hata Midsommar alikuwa nayo, akaishika mapajani. Akasema kwamba hajafika Amerika. Akasema habari za mwalimu wake mzee, na za salamu, kwamba kwao ni aibu kumnyima mtu salamu za ndugu yake. Alisema kwa Kiswidi chake kibovu, machozi yakimtoka puani, nami nikamtetea pale alipokwama, nikajikuta nafoka, kana kwamba wao ndio waliodanganya.

Hjördis hakunitazama mimi wala yeye. Alimgeukia kaka yake.

"Hukunisalimu?"

Nilimwomba Mungu yule mzee adanganye. Mara moja tu, kwa hisani. Lakini Mswidi ni Mswidi.

"Hapana," Gunnar alisema. Akazungusha kijiko kwenye kikombe kitupu. "Uliponishukuru kwenye simu niliona haya kukuambia. Nilitaka kukusalimu, Hjördis. Tangu mazishi nilitaka. Sikupata wa kumtuma."

Hjördis akainuka. Nikadhani anakwenda kumtolea Januari masanduku, nikaanza kukunja mikono ya gauni. Alizunguka meza, akasimama nyuma ya kiti cha kaka yake, akamwekea mkono begani, wakakaa hivyo. Wenzetu hawa kwa kukumbatiana ni wagumu. Ule mkono ulikuwa kilio kizima.

Halafu akamwuliza Januari, bila kugeuka, "Kwenu hasa ni wapi?"

"Kiomboi, tant," akajibu. Tant ndivyo tulivyowaita akina mama watu wazima.

"Mama yako yupo hai?"

"Yupo."

"Anaitwa nani?"

Januari alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, jibu likachelewa. Miaka minne alikuwa amekula mezani pale akitaja mitaa ya watu, na jina la mama yake halijawahi kusikika ndani ya nyumba ile.

"Winifrida," alisema.

"Mwambie Winifrida," Hjördis akasema, "kwamba Hjördis wa Hornsgatan anamsalimu. Na hizi, Januari, uzifikishe."

Januari akainamisha kichwa kwenye sahani akalia kwa sauti, kama watu wa Iramba wanavyolia, Gunnar akampa leso yake. Mimi sikulia. Nilikula biskuti zake zilizobaki, kwa sababu mtu ilibidi azile.