Hatua Moja Nyuma

Mwalimu wangu wa karate anaishi Bungoma. Ni mzee mfupi, mkali, aliyestaafu kazi ya serikali, nami nampenda kupita kiasi. Mimi nafundisha Kitale, ila sina ruhusa ya kumfunga mtu mkanda. Anayefaulu mtihani hufungwa na mzee kwa mikono yake mwenyewe, na kwetu neno lake halibishwi mbele ya watu.

Miaka michache iliyopita nilimpelekea mwanafunzi mmoja tu, mama anayeuza omena mtaani Kipsongo. Alitaka mkanda wa kahawia. Shule iliyo karibu na kwake ilikuwa imemwahidi kazi ya kufundisha wasichana karate, mradi awe na mkanda huo. Miezi minane alikuja mazoezini akinuka samaki, nami nikimtania kwamba adui atasikia harufu yake kabla ya kumwona. Alikuwa akicheka, kisha ananibwaga chini.

Siku ya mtihani, ndani ya ukumbi wa kanisa, alianza kata, ule mfululizo wa mapigo na hatua ambao lazima uujue kwa moyo. Alikwenda vizuri mno hata nikaona fahari isiyo na adabu. Alipofika katikati akarudi nyuma hatua moja, kama nilivyomfundisha, akakinga. Mzee akagonga sakafu kwa fimbo.

"Simama! Hiyo ya kuludi nyuma umetoa wapi? Haiko hiyo. Umeanguka, mama. Kuja mwaka ujao."

Hatua hiyo ilikuwako. Mzee mwenyewe ndiye aliyenifundisha, na fimbo ile ile ilinichapa kisigino mpaka nikaishika. Alikuwa amesahau.

Yule mama hakumtazama mzee. Alinitazama mimi. Damu ilinichemka, na kwa kawaida mdomo wangu haungoji ruhusa, lakini kumbishia mzee mbele ya watu kungemvunjia heshima. Basi nikaingia katikati ya ukumbi, nikainama.

"Mwalimu, naomba unipime na mimi. Ni muda hujaniangalia."

"Wewe? Si uko na mkanda mweusi?"

"Niko nao, Mwalimu, lakini kitambi nacho kimekuja."

Watu wakacheka, naye akaashiria nianze. Nilipofika pale pale nikarudi nyuma hatua moja, na kwa makusudi nikakiacha kisigino juu, kosa langu la ujana. Fimbo ikanipata kabla sijatulia.

"Kisigino chini! Nimekuambia mara ngapi, ukiludi nyuma..."

Hakumaliza. Aliitazama fimbo, akaitazama miguu yangu. Kisha akamwita yule mama na kuuchukua mkanda wa kahawia mezani. Fundo lilimshinda mara mbili. Mama alisimama wima machozi yakimtoka, akamngoja, wala hakupeleka mkono kumsaidia.

Siku hizi mama huyo anawapigisha wasichana wa shule ile kelele za karate mpaka majirani wanalalamika. Nasi kila tukienda Bungoma kwa mtihani, mzee huniita mimi kwanza.

"Kuja nione kama umesahau," huniambia.

Nami huipitia kata yote polepole, hatua kwa hatua, huku yeye akiitazama miguu yangu na midomo yake ikihesabu.