Anayeimba Hatafuni

Yunis wa Mlola alikuwa mjane mwenye watoto wawili, Kristofa na mdogo wake, na shamba dogo mteremkoni. Mwaka 1974, vuli ilipotukimbia, alibakiwa na kitu kimoja: mahindi ishirini na manne, yamefungwa kwa maganda yake, yananing'inia juu ya meko ili moshi uyakinge na wadudu. Hiyo ilikuwa mbegu. Alipewa na mama mkwe wake, naye alipewa na mkwe wake.

Nathanaeli, balozi wa nyumba kumi, alipopita kuandika wenye njaa, aliinua macho hata kabla ya kuketi.

"Mama Kristofa, na yale juu?"

"Ni mbegu, baba."

"Mimi naona mahindi."

"Kwani kwenu mnakula mbegu?"

Balozi alifunga daftari. "Nyumba yenye nafaka haiandikwi. Agizo hilo sikulitunga mimi."

Kutoka hapo aliingia kwa Sefania, mzee wa kanisa. Jiko lilikuwa limefagiliwa, halina hata punje. Magunia ya Sefania yalikuwa dukani kwake Magoma, chini ya milima, na kijiji kizima kilijua. Balozi pia alijua. Akaandika: watu saba, hawana chakula.

Yunis alivumilia wiki tatu. Watoto walikula majani ya maboga bila chumvi, na mdogo akavimba miguu. Ndipo alipopanda juu ya kigoda, akayashusha yote. Walikula siku tano. Siku ya sita alidamkia kwa balozi.

"Shikamoo, baba. Njoo uone. Juu kumebaki masizi."

"Marahaba. Umechelewa, mama. Orodha ilishapelekwa Lushoto juzi."

Mahindi ya njano yalifika, zawadi ya watu wa ng'ambo ambao hawatalijua jina la Yunis. Siwasifu. Aliyeshiba akitupa gunia na kwenda zake, asiulize limeingia mlango gani, ameuosha moyo wake tu. Lakini aibu iliyo kubwa zaidi ni yetu. Lilipoingia mlango wa Sefania, sisi tuliopiga makofi ya ujamaa mkutanoni ndio tuliomsaidia kulitua.

Kisha mvua ikanyesha. Shamba la Yunis lilikuwa limelimwa, linangoja. Akaenda kwa Sefania, akapiga magoti uani.

"Naomba kibaba kimoja cha mbegu, baba."

"Mbegu?" Sefania aliwageukia waliokuwa wameketi. "Aliyekula yake mwenyewe ataisaza yangu?" Wakacheka. "Njoo upande kwangu, mama. Jioni utapata bakuli la unga."

Unga ule ulikuwa wa njano.

Wapandaji walikuwa wanawake tisa. Siku ya kwanza baadhi yao walitia punje mbili shimoni, ya tatu mdomoni. Sefania akagundua. Siku ya pili aliketi ukingoni mwa shamba na mwavuli wake, akatoa amri: wote waimbe, tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho. "Anayeimba hatafuni," alisema.

Wakaimba wakiwa wameinama, punje tatu kila shimo. Walipofika juu, Yunis aliinua kichwa. Ng'ambo ya bonde shamba lake lilionekana lote, jekundu, limelowa, halina kitu. Sauti yake ikakatika.

"Mama Kristofa!" Sefania aliita. "Mbona sikusikii?"

Akainama, akaimba.