Kupandisha Vyungu Njia ya Kushuka

Laiti ningekataa siku ile. Wakubwa wa mji walituita Machakos mjini, miaka ya tisini ikielekea kwisha, wakatuuliza kama magari ya Masii yanaweza kutolewa kwenye steji ya mlangoni pa soko, yapelekwe uwanja wa chini. Barabara ya soko ingebaki ya kushuka tu. Kwetu Ukambani, mzee akishasema kwa niaba ya utui, yaani majirani wa kijiji kimoja, mwanamke hampingi mbele ya wageni. Nikasimama nikasema tumekubali. Nyuma yangu wanawake wauza vyungu wa utui wetu walikaa kimya, nami kimya chao nikakihesabu kuwa ndiyo.

Mvua za mwaka uliofuata zilipoisha, dada yangu Nduku, mmoja wa wale wauza vyungu, alikuja kwangu. Alisema vyungu vinapasukia njiani, na kwamba akirudi tena na vigae ataiacha Machakos. Nikamwambia siku ya soko nitakwenda naye, tupite njia fupi, na atakayetuzuia atazungumza na mimi.

Tuliondoka Masii alfajiri kwa pikapu ya jirani, vyungu vimezungushiwa nyasi kavu. Nduku alisinzia. Mimi nilikuwa nikipanga maneno.

Uwanja wa chini tulikodi mkokoteni. Mwenye mkokoteni alitaka tuzunguke kama wote: tupite nyuma ya msikiti, tuingie kwenye gereji, kisha tupande mteremko wa mawe. Humo ndimo vyungu vilimofia. Mimi nikaugeuza mkokoteni kuelekea barabara ya soko, lami laini, magari yote yakishuka kutukabili.

Honi zilianza. Makanga mmoja akaning'inia mlangoni pa matatu akacheka, "Guka, babu yangu, hiyo gari yako haina reverse?" Nikamjibu kwamba haina, ndiyo maana sirudi nyuma.

Katikati ya barabara, askari alishika gurudumu. "Mzee, hii njia ni ya kushuka."

"Najua. Niliwapa mimi. Leo nimekuja kuichukua."

Alinitazama, akatazama vyungu, akatazama foleni iliyokuwa ikirefuka. Akaachilia. Nikasukuma hadi mlangoni pa soko, jasho linanitoka, na hakuna chungu hata kimoja kilichopata ufa.

Sokoni tulipanga bidhaa mahali pa Nduku pa zamani. Jua likapanda. Hakuna aliyesimama kununua. Ndipo nilipoona kile ambacho Nduku alikijua siku zote: waliokuwa wakinunua vyungu walikuwa abiria, wakingojea magari yajae. Abiria sasa walikuwa kule chini.

"Vyungu vimefika, Baba Mutua," Nduku akasema. "Watu je?"

Nikauliza kwa nini hakusema siku ya mkutano.

"Ulikuwa umeshasema. Tulinyamaza kukuheshimu, hatukunyamaza kukubali."

Mchana nilikwenda kwa wakubwa wa mji, nikawaambia neno langu nimelirudisha. Walinikaribisha kiti, wakanieleza kwamba barabara haiwezi kurudishwa. Nilisimama hadi wakaniomba nitoke.

Jioni tulirudi Masii na vyungu vyote. Tangu hapo, kwenye mkutano wowote, sifungui kinywa kabla wanawake hawajasema, na wazee wenzangu wakinung'unika nawaacha wanung'unike.

Nduku alihamia kwa binti yake Matuu, akauza maembe huko mpaka alipofariki. Hakuja kwangu tena. Neno langu moja lilinipotezea dada yangu.