Shuka la Mama Perpetua wa Bondeni

Alizaliwa Aprili 1958 karibu na Kimilili, siku ambayo mvua ilimzuia mkunga kuvuka mto, hata bibi yake akampokea kwa mikono yake mwenyewe. Nyumbani aliitwa Nerima. Ubatizoni akapewa Perpetua. Mwaka 1981 alimfuata mumewe Wangila, mpakia mizigo wa bandari ya Port Bell, hadi Kampala, na haikupita miaka mitatu akabaki mjane, akiuza vitenge katika soko la Nakivubo. Hapo ndipo Mungu alipomshika mkono. Asubuhi moja mwanamke wa Kinubi, Kaltumi, alishikwa na uchungu katikati ya vibanda, na watu wakasimama kutazama tu. Perpetua alichana kitenge cha biashara, nusu akamsitiri mama, nusu akamfunga mtoto. "Dada, umenifunika," Kaltumi alimwambia. "Sasa usiniache." Hakumwacha, wala yeyote aliyekuja baadaye. Alisomea ukunga, na mwaka 1990 akaingia Hospitali ya Jamii ya Bondeni, chini ya kilima cha Mbuya, kwenye wodi ya wazazi yenye vitanda sita.

Huko alianzisha desturi inayojulikana kila nyumba ya bondeni. Shuka la wodi likichakaa hakulitupa. Alilichana vipande vyembamba, na kila mtoto mchanga akafungwa kimoja mkononi, kimeandikwa siku, saa na uzito. Wakristo walikiweka ndani ya Biblia, Waislamu sandukuni pamoja na nguo za arusi. Lakini tusimpambe kupita kiasi. Kitabu kikubwa cha wodi, kile cha serikali, kilimchosha. Kila alipofungua ukurasa, mama mwingine aliita, naye akakifunga akisema, "Mungu ameshaandika." Watoto wakaja kwa mamia, na kurasa zikabaki nyeupe.

Mwaka 2023 kosa hilo lilimrudia. Baraza la madiwani lilikaa kuamua hatima ya hospitali, na pendekezo lilikuwa kufunga wodi ya wazazi na kiwanja chake kiwe maegesho ya malori. Mwenye uchungu angepandishwa boda, apenye msongamano hadi hospitali kubwa, azalie popote atakapozalia. Mwenyekiti, Bwana Oyat, aliinua kitabu. "Mama, kitabu iko hapa. Mwaka mzima, watoto kumi na moja! Ama wengine walizalishwa na malaika?" Baraza likacheka.

"Malaika hawafui mashuka, ssebo," alijibu Perpetua kwa heshima ya Kiganda. Alijua ukurasa mweupe ni wake. "Kutoandika ni kosa langu. Nihukumuni mimi, msimhukumu mama wa kesho. Nipeni siku tatu."

Wakampa, wakidhani atakwenda kulia nyumbani. Padre alitangaza kwenye Misa. Kaltumi, sasa bibi kizee, alipeleka habari msikitini. Wanawake wakamiminika uani pa kanisa na vipande vyao, wengine wamebeba vya wajukuu. Cherehani nne zililia siku tatu. Vipande vilivyochanwa kutoka mashuka vikawa shuka tena, na katikati Kaltumi akashona kile cha kitenge alichofungwa mwanawe. "Wakitaka wodi yetu," alisema huku anakata uzi kwa meno, "waje walilalie shuka hili kwanza."

Siku ya kura Perpetua hakutoa hotuba. Alitandaza shuka juu ya meza ya baraza, likafunika karatasi zote, likateremka hadi sakafuni. "Someni," akasema. Diwani Aluoch, aliyekwisha kuahidi kura yake kwa wenye malori, aliinama, akaweka kidole mahali pamoja. Alhamisi, saa saba mchana, kilo mbili na nusu. "Huyu wangu," alisema, akageuza kura yake. Wodi ilibaki kwa kura moja. Oyat alitaka shuka lihifadhiwe ofisini kama ushahidi, Perpetua akalikunja. "Hili ni la wodi, lina kazi."

Alifariki Februari 2025, kwenye kitanda cha sita, saa nne asubuhi. Saa moja kabla, kitanda cha pili, alizaliwa mtoto wa kike. Perpetua aliomba aletewe kitabu, akaandika mwenyewe: kilo tatu, analia vizuri. Akampa nesi kalamu. "Msiache hata mmoja."

Kanisa halijamtangaza mtakatifu. Sisi tunamwomba atuombee. Mama mmoja wa hapa bondeni, Valarie, aliyekaa na uchungu siku mbili, alilazwa juu ya lile shuka, akajifungua salama. Daktari anasema ilikuwa dawa, Valarie anasema ilikuwa shuka. Vyote viwili vilipatikana kwa sababu mlango wa wodi ulikuwa wazi.

Mwaka huu barua nyingine ya kutaka kile kiwanja cha wodi imeletwa na baraza. Basi tumwige Mama Perpetua kwa ujasiri wake, na tumwige pia pale alipotubu: mtoto akizaliwa, aandikwe kabla hajanyonya. Wakija kukifungua kitabu, watakuta kimejaa, na sisi tumesimama mlangoni.